Sheet Set Manager ya AutoCAD: Kila Kundi la Mafundi na Kurasa Zake

Jengo la ghorofa mbili au tatu huku Moshi na Arusha halijengwi na kundi moja la mafundi. Wanaanza waashi na mafundi nondo, fundi bomba na fundi umeme wanaingia kabla zege la slabu halijamwagwa, wanarudi tena kuta zikishasimama, kisha hufuata watu wa aluminiamu, jipsamu, vigae na rangi. Seti kamili ya michoro ya jengo la namna hiyo hufika kurasa 40 kwa urahisi, na fundi anayekabidhiwa zote 40 hutafuta ile moja inayomhusu kwa kubahatisha, au huacha kutafuta na kuuliza kwa mdomo. Kwa kazi ya kugawa kurasa hizo, sijaona chombo kinachoifikia Sheet Set Manager, sehemu ya AutoCAD (programu ya kuchorea michoro ya majengo kwa kompyuta) iliyoanza na toleo la 2005 lililotoka mwaka 2004, ambayo ofisi nyingi ninazozifahamu katika miji hii miwili hazijawahi kuifungua.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Programu hutunza faili moja dogo la aina ya DST, ambalo halina mstari hata mmoja wa mchoro. Lina orodha tu ya kurasa, na kila ukurasa unaelekeza kwenye leiauti, yaani karatasi iliyopangwa tayari kuchapishwa, iliyomo ndani ya faili fulani la DWG, aina ya faili ambamo AutoCAD huhifadhi mchoro wenyewe. Kwa hiyo faili la misingi, la umeme na la mabomba yanaweza kukaa mbalimbali, kila moja likishughulikiwa na mchoraji wake, ilhali msimamizi wa mradi anaziona kurasa zote katika kidirisha kimoja, amezipanga kwa mafungu na kuzipa namba, na ukurasa wowote hufunguka kwa kubofya mara mbili.

Hata hivyo, orodha nzuri haitasaidia iwapo michoro yenyewe haikuandaliwa kwa kugawanywa. Ninachopendekeza ni ramani ya msingi iwe moja tu, yaani kuta, milango, madirisha na ngazi, nayo iingizwe kama rejeo, yaani kiungo na si nakala, katika faili la kila fani. Ukuta ukisogezwa, unasogezwa mara moja, na faili zote zinazoirejelea hupata mabadiliko hayo zikipakiwa upya. Kisha katika leiauti ya kila kundi, leya (matabaka ya mchoro) zisizohitajika hugandishwa, yaani hufichwa, ndani ya dirisha la kutazamia la ukurasa huo peke yake, bila kuzigusa kurasa nyingine.

Uamuzi mgumu ni kuchagua leya za kugandisha, na programu haiwezi kuufanya kwa niaba ya mchoraji. Wachoraji wengi huficha kupita kiasi. Fundi umeme, kwa mfano, hahitaji vipimo vya misingi wala mpangilio wa vigae, lakini anauhitaji mlango pamoja na upinde unaoonyesha upande unaofungukia, kwa sababu bila upinde huo swichi ya taa huweza kuishia nyuma ya mlango uliofunguliwa, na kuihamisha baadaye ni kuchimba plasta kwa tindo. Fundi nondo naye hana haja ya kujua rangi ya sinki, lakini ni lazima aone mahali ambapo bomba la choo cha ghorofani litapenya kwenye slabu. Tundu hilo likionekana kwenye ukurasa wa fundi bomba pekee, nondo hufungwa moja kwa moja kupita hapo, na siku ya zege kunakuwa na mabishano pale juu, kwenye ubao wa kumwagia zege, wakati mashine ya kuchanganyia inaunguruma chini na hakuna aliye tayari kusubiri mhandisi. Kwa maoni yangu, ukurasa wa kundi lolote uwe na kazi ya kundi hilo kwa mistari mizito, na kwa mistari hafifu ya kijivu uwe na kila kitu cha kundi jingine kinachogusana nayo. Tundu la slabu lionekane kwa fundi bomba, kwa fundi nondo na kwa seremala anayepiga ubao, wote watatu.

Sheet Set Manager ina kanuni inayowasumbua wanaoanza: leiauti moja huingizwa katika seti moja tu, mara moja. Haiwezekani kuuweka ukurasa uleule wa matundu ya slabu katika fungu la mabomba na papo hapo katika fungu la nondo. Dawa yake si kunakili leiauti, maana nakala ikishazaliwa itasahaulika siku ya marekebisho. Dawa ni machaguo ya kurasa yanayohifadhiwa kwa jina. Mafungu hupangwa kwa fani kama kawaida, kisha huundwa chaguo liitwalo, tuseme, «Nondo, slabu ya kwanza», ambalo huokota kurasa kutoka fungu lolote, na ukurasa mmoja huweza kuwa katika machaguo mengi kadiri inavyotakiwa. Baada ya hapo, kulitoa kundi zima la kurasa kama faili moja la PDF ni suala la kuchagua jina na kuchapisha. Kurasa zinazopelekwa halmashauri kuombea kibali cha ujenzi nazo hustahili chaguo lake.

Jambo la pili lililonivutia ni kisanduku cha maelezo kilicho pembeni mwa ukurasa. Jina la mradi, namba ya ukurasa, namba ya rekebisho na tarehe yake huandikwa katika sifa za seti au za ukurasa, na kisanduku huzisoma chenyewe. Mtu anaweza kuongeza sifa zake. Mimi ningeongeza moja ya kuonyesha kundi linalopewa ukurasa huo, ili karatasi iliyookotwa saiti ijulikane ni ya nani. Alama za kata, yaani za mahali jengo linapochorwa kama limekatwa, zinazoelekeza kwenye ukurasa mwingine, zikiwa zimewekwa kwa utaratibu wa seti, hubadilika pia pale namba ya ukurasa inapobadilishwa. Jedwali la orodha ya kurasa linaloundwa kwa amri moja ni zuri, ila ukurasa mpya ukiongezwa, jedwali linapaswa kuamriwa lijisasishe.

Kuhusu uchapishaji, mafundi wengi hupokea PDF kwa WhatsApp na kuikuza kwenye simu, na msimamizi hubaki na karatasi. Ukurasa wa A1 ukipunguzwa kuwa A3, urefu wa kila mstari hupungua kwa nusu, hivyo kipimio cha 1:50 huwa 1:100. Inafaa kuchora mstari wa kipimio kwenye kila leiauti, kwa kuwa maandishi ya 1:50 yatabaki kwenye karatasi ndogo ambayo si 1:50 tena.

Kasoro zipo. Faili la DWG likihamishwa au kubadilishwa jina nje ya programu, ukurasa wake hubaki kwenye orodha lakini kiungo chake hukatika hadi uelekezwe upya. Bei ni kizuizi kikubwa zaidi: AutoCAD hulipiwa kwa muda, na kwa bei ya Marekani ni takribani dola 2,000 kwa mwaka, gharama ambayo ofisi ya watu wawili haiwezi kuibeba kwa kazi za nyumba za chini. BricsCAD, programu nyingine ya kuchorea, nayo inasimamia seti za kurasa kwa faili zilezile za DST, na ninaishauri ofisi changa iijaribu kwanza. Kwa nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa, yenye kurasa 10 na fundi mmoja anayesimamia kila kitu, sioni sababu ya kutumia chombo hiki. Kwa ghorofa, shule au hoteli yenye makundi matano na zaidi, ninakipendekeza bila kusita.

Programu hii haijui ni nani ameshika karatasi gani. Ikitoa rekebisho la tatu, rekebisho la pili bado limekunjwa mfukoni mwa msimamizi wa nondo. Kwa hiyo kando ya kompyuta kuwe na daftari la kukabidhi michoro, lenye safu za namba ya ukurasa, rekebisho, kundi, tarehe na sahihi, na karatasi mpya isitolewe kabla ya ile ya zamani kurudishwa mezani.