Uuguzi bingwa wa familia mtandaoni: MSN au DNP?
Muuguzi aliyeko Marekani anayetaka kusomea ubingwa wa afya ya familia (family nurse practitioner) kwa mtandao ana njia mbili: uzamili, yaani MSN, au udaktari wa uuguzi, DNP. Kwa njia zote mbili mtihani wa cheti ni uleule, wa ANCC au AANPCB, mashirika yanayotoa vyeti vya ubingwa huo. DNP hudai saa 1,000 za mazoezi baada ya shahada ya kwanza, pamoja na mradi. Kwa mwenye zamu za usiku na watoto wadogo, nashauri MSN. DNP imfae anayetaka kufundisha chuoni.

Kabla ya kutuma maombi, uliza: chuo kinapokea wanafunzi wa jimbo lako? Nani atamtafuta msimamizi wa mazoezi yako ya kliniki? Baadhi ya vyuo hukuachia wewe, ukaanza kupiga simu zahanati baada ya zahanati huku muhula umeshakaribia.