Monita ya Dell U2412M kwenye meza ya mpiga picha, Kirumba

Kazi yangu ni kupiga na kusafisha picha za harusi, za mahafali na za pasipoti katika studio ndogo hapa Kirumba, Mwanza, na kwa miezi minane sasa kila picha inayotoka mikononi mwangu imepitia kwenye monita moja: Dell U2412M ya inchi 24, niliyoinunua ya mtumba kwa shilingi 280,000. Ni monita iliyoingia sokoni mwaka 2011. Naandika juu yake leo kwa sababu monita za namna hii, zilizokwisha kutumika maofisini, ndizo wengi wetu tunazozimudu, na dukani mteja huonyeshwa inchi na bei tu, haonyeshwi rangi.

Mimi mwenyewe nilijifunza habari ya rangi kwa hasara. Monita niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa na kioo cha aina ya TN, ambacho rangi zake hubadilika kadiri kichwa cha mtazamaji kinavyopanda au kushuka. Nilisafisha albamu nzima ya harusi nikiwa nimeketi kwenye kiti kifupi, nikairekebisha zambarau ya sare za mashangazi mpaka ikanipendeza, na picha ziliporudi kutoka kuchapwa zambarau ile ilikuwa imegeuka bluu. Mama wa bibi harusi alifungua kurasa tatu, akaifunga albamu na kuniambia kwa upole, “Mwanangu, hizi siyo nguo zetu.” Nililipia uchapaji wa pili kutoka mfukoni mwangu.

Kioo cha U2412M ni cha aina ya IPS, teknolojia iliyoletwa na Hitachi ya Japani katika miaka ya 1990. Ndani yake chembe za fuwele ya kimiminika hugeuka zikiwa zimelala sambamba na kioo, badala ya kuinuka kumwelekea mtazamaji kama zifanyavyo kwenye TN, na ndiyo maana rangi hubaki vilevile hata ukiitazama kutoka ubavuni. Katika studio yangu jambo hili lina uzito kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa wateja wa harusi hawaji mmoja mmoja: bibi harusi huketi, dada yake husimama nyuma ya bega langu, na shangazi huegemea ukuta. Sasa wote watatu wanaiona zambarau moja, nasi tunakubaliana juu yake kabla senti haijatumika.

Kupima usahihi wa rangi sikutumia kifaa cha kitaalamu. Nilitumia mawe. Nina picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani hapa Mwanza, niliyoipiga asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na kwa kuwa nalipita jiwe lile karibu kila siku, kijivu chake nakijua kama ninavyoujua uso wa jirani. Kwenye monita inayoegemea bluu, mwamba ule hufanana na saruji mbichi. Kwenye inayoegemea nyekundu, hufanana na tofali la kuchoma. Hapa ulitoka mwamba: kijivu chenye madoa meusi, na ile michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege ikiwa nyeupe kweli, bila umanjano. Nilichobadilisha ni mwanga tu, nikaushusha hadi 30, kwa sababu monita inayong’aa kupita kiasi humdanganya msafishaji apunguze mwanga wa picha, kisha karatasi hutoka na giza. Rangi inazoweza kuonyesha zinakaribia kiwango cha sRGB, yaani kipimo cha kawaida cha rangi za monita na za mtandaoni, kile kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, wala hazivuki hapo kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa mtu ambaye picha zake huishia kwenye karatasi ya kawaida ya maabara au kwenye simu ya mteja, kiwango hicho kinatosha.

Jaribio la pili lilikuwa bwana harusi mwenye ngozi nyeusi sana, suti nyeusi, amesimama chini ya mwembe. Monita dhaifu huvimeza vyote vitatu, ngozi, suti na kivuli, vikawa doa moja. Hapa nilihesabu vifungo vya koti, nikaona mshono wa kola, na ule mng’ao mdogo wa jasho juu ya kipaji ulibaki wa ngozi, haukugeuka majivu. Weusi wenyewe hata hivyo si weusi wa usiku. Uwiano wa weupe na weusi ni 1000 kwa 1, na taa za chumba zikizimwa pembe za kioo hutoa mng’ao hafifu, jambo la kawaida kwa vioo vya IPS. Mimi huwasha taa ndogo nyuma ya monita, na mng’ao huo hunisumbua mara chache.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kioo hiki kina biti 6 kwa kila rangi, siyo 8, yaani kina vivuli vichache zaidi vya kila rangi, na vivuli vinavyokosekana hupatikana kwa kila pikseli kurukaruka upesi kati ya vivuli viwili vinavyopakana mpaka jicho likaona cha katikati. Nilikwenda kutafuta kasoro yake kwenye anga ya machweo upande wa Kisiwa cha Saanane, pale chungwa linapofifia taratibu kuwa samawati, na sikuona mistari ya kuikatakata rangi ila kwa shida, katika sehemu yenye giza zaidi.

Upako wa kuzuia mng’ao umekolea. Dirisha langu linatazama ziwa, na saa tisa alasiri maji hurudisha mwanga wote chumbani. Kioo chenye kung’aa kingekuwa kama cha kujitazamia. Gharama yake ni kwamba weupe mtupu, kama wa gauni au wa picha ya pasipoti, huonekana kama umenyunyiziwa mchanga laini sana. Ukali wa picha ni wa wastani: pikseli 1920 kwa 1200, yaani 94 hivi kwa kila inchi. Kwenye picha ya dagaa walioanikwa ufukweni, simu yangu huonyesha jicho la kila dagaa, ilhali monita hii huhitaji nikuze kwanza.

Kwa umbo, haina urembo. Ni plastiki nyeusi isiyong’aa, fremu nene kidogo, vitufe vya kubonyeza kwa kidole upande wa kulia. Mguu wake ndio ulionifurahisha zaidi. Hupanda na kushuka zaidi ya sentimita 11, hugeuka kushoto na kulia, na kioo chote huzungushwa kikasimama wima, hata bibi harusi aliyesimama akajaa kuanzia shela mpaka pindo la gauni. Ile mistari 1200 ya pikseli, badala ya 1080 iliyozoeleka, hunipa nafasi ya kuweka vifaa vya programu chini ya picha bila kuifunika.

Kwa sisi wa kando ya ziwa, usafi nao ni sehemu ya tathmini. Wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na usiku kioo cheupe huwa ndiyo taa yao. Ukiwafuta kwa kitambaa kikavu unawapaka kwenye upako. Mimi huzima monita, hupangusa kwa brashi laini ya rangi, kisha hupitisha kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji tu, bila dawa ya kusafishia vioo.

Matundu ni ya VGA, DVI na DisplayPort, pamoja na USB 4. La HDMI halipo. Mwenye laptopu ya siku hizi anunue kebo ya HDMI kwenda DVI, na VGA aiache, kwa sababu hupunguza ukali wa maandishi. Spika hazimo ndani. Anayetaka michezo ya kasi au video za 4K asiichukue.

Anayekwenda kununua ya mtumba abebe flashi yenye picha nne: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu tupu, na moja ya mahali anapopafahamu kwa macho yake. Aombe monita iwake kwa dakika 20 kwanza, kwa kuwa taa za zamani huanza na rangi nyingine zikiwa baridi, halafu aizungushe wima na kuirudisha, aone kama mguu bado unashika pale alipouacha.