Kijitabu cha uwiano cha darasa la saba: kinafaa, ila sehemu ya tatu isimamiwe na mwalimu

Nimekitumia muhula mzima kwenye tuisheni ya darasa la saba hapa Mbeya. Ni kijitabu cha kudurufu, kurasa 36, shilingi 3,000 kwenye stationari moja ya Mwanjelwa. Kazi yake ni moja tu: maswali ya uwiano, kwa haraka na bila kikokotoo.

Sehemu ya kwanza peke yake inarudisha hela yako. Hakimkaririshi mtoto kanuni, kinamzoesha kutafuta fungu moja. Gawanya shilingi 84,000 kwa uwiano wa 2:3:7. Mafungu yote ni 12, fungu moja ni 7,000, basi: 14,000, 21,000 na 49,000. Kisha swali linageuzwa. Anna na Juma wamegawana fedha kwa uwiano wa 5:2, Anna kamzidi Juma shilingi 21,000. Anna kapata ngapi? Aliyezoea kujumlisha mafungu anagawa 21,000 kwa 7, anapata 3,000, anazidisha kwa 5, na hiyo 15,000 anaikuta imekaa kwenye machaguo inamsubiri. Lakini 21,000 ni tofauti, na tofauti ya 5 na 2 ni mafungu 3. Fungu moja ni 7,000, Anna kapata 35,000. Kijitabu kinamtaka mtoto aandike neno moja juu ya namba kabla hajakokotoa chochote: jumla, tofauti au sehemu. Kwa wanafunzi wangu, neno hilo moja limepunguza makosa kuliko zoezi lolote.

Kuunganisha uwiano kumeelezwa vizuri pia. Magunia ya mahindi kwa maharage ni 2:3, maharage kwa viazi ni 4:5. Wengi huandika 2:3:5 wakaendelea. Maharage yako pande zote mbili, yana 3 huku na 4 kule, kwa hiyo yafanye 12 kote: 8:12 na 12:15. Jibu ni 8:12:15.

Ugomvi wangu uko sehemu ya tatu. Mwandishi anasifia kuzidisha msalaba (juu ya upande mmoja kwa chini ya upande wa pili) kana kwamba kunatibu kila kitu. Watu 6 wanachimba viazi vya shamba moja kwa siku 8; watu 4 watatumia siku ngapi? Ukizidisha msalaba unapata siku 5 na theluthi, yaani watu wachache wamemaliza mapema. Mtoto wa Umalila, wanakolima viazi, atakucheka. Hapa unazidisha kwenda mbele: 6 × 8 ni 48, hizo ndizo siku za kazi za mtu mmoja, gawa kwa 4 upate 12. Kijitabu kinalitaja hilo kwa mistari miwili chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Mimi nawalazimisha waulize kwanza: hiki kikipungua, kile kinapungua au kinaongezeka? Wakishajibu ndipo washike kalamu.

Njia hiyohiyo inabeba hata swali lenye vitu vitatu, ambalo kijitabu kimelikwepa kabisa. Watu 6 wanalima ekari 3 kwa siku 4. Watu 8 watalima ekari 10 kwa siku ngapi? Ekari 3 zimekula siku 24 za kazi za mtu mmoja (6 × 4), ekari moja 8, ekari kumi 80. Gawa kwa watu 8: siku 10.

Ukurasa wa kuchuja majibu ni mtamu kwa mwenye haraka. Wavulana kwa wasichana ni 3:5. Darasa linaweza kuwa na wanafunzi wangapi: 60, 64, 70, 75 au 84? Mafungu ni 8 na mtu hakatwi vipande, kwa hiyo jumla lazima igawanyike kwa 8. Ni 64 tu. Ila hawakuonya kwamba ujanja huu unakufa kwenye lita, kilo na fedha, vitu ambavyo vinakatika. Wawili wangu walichuja lita za maziwa kwa mtindo huo wakakosa.

Sasa uchapaji. Nakala nyingi zimefifia, na kwenye uwiano nukta ndiyo kila kitu. Kuna swali la gramu 250 za sukari kwa kilo 1.5 za unga. Kwenye nakala tatu kati ya nane nilizonunua nukta imepotea, inasomeka kilo 15. Mtoto anabadili kilo kuwa gramu sawasawa, anapata 1:60, anafungua majibu anakuta 1:6, anafuta kazi yake nzuri. Majibu nayo yana kosa: wavulana kwa wasichana 4:5, wanafunzi 72, wavulana wangapi? Wameandika 40, ambao ni wasichana. Wavulana ni 32.

Skeli ya ramani imepewa nusu ukurasa, haitoshi. Ramani ya 1:50,000, sentimita 7 ni sentimita 350,000. Wengi wanagawa kwa 1,000 na kuandika kilomita 350, zaidi ya Mbeya mpaka Iringa! Kilomita moja ina sentimita 100,000. Jibu ni kilomita 3.5.

Ukienda kununua, omba ukifungue kwanza ukurasa wa 23. Kama 2:3 inasomeka 23, waambie wakutolee nakala nyingine.