Seti ya beringi za linki kwenye Honda XR600R ya zamani: uzoefu wangu

Mwenye XR600R hapa Arusha haendi dukani akakuta spea zake zimening'inia pamoja na za Boxer na TVS. Honda waliitengeneza kuanzia 1985 hadi 2000, injini cc 591 ya kupozwa kwa hewa, haina stata, ni kiki tu, kwa hiyo kuagiza spea nje tumeshazoea. Yangu injini haina neno. Tatizo lilikuwa nyuma: nikipita kijishimo nasikia "tak" chini ya kiti kabla shokapu haijaanza kushuka, na kwenye mchanga wa kuelekea Engare Sero mkia ulikuwa unajiendea unakotaka.

Kupima ni rahisi. Inua pikipiki tairi la nyuma liwe hewani, shika tairi, livute juu taratibu. Likipanda kidogo bila shokapu kusogea, linki (vipande vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi) zimelika. Kisha shika mkono wa nyuma, usukume kulia na kushoto. Ukicheza, beringi za kwenye fremu nazo zimekwisha. Yangu ilifeli vyote viwili.

Beringi hizi ni za sindano, yaani ndani zina vyuma vyembamba badala ya gololi, na hazizunguki duara zima kama za gurudumu. Zinakwenda mbele na kurudi kidogo tu, palepale, miaka yote, hivyo sindano zinachimba vijifereji kwenye bushi ya chuma iliyo katikati. Maji yakiingia ndiyo kabisa, grisi inatoka na kutu inakaa. (Vijana wa kuosha kwa mashine ya presha wanapenda sana kulenga hapo. Wakatazeni.)

Ndiyo maana nilinunua seti kamili: beringi, sili na bushi zake. Beringi peke yake zinapatikana kwa vipimo kwenye maduka ya beringi, tena kwa bei nafuu, lakini ukiiweka mpya juu ya bushi yenye vijifereji umetupa hela. Fundi wa kukereza anaweza kukuchongea bushi, ila chuma kisipopitishwa kwenye moto kikawa kigumu, sindano zitakichimba upesi. Spea za Honda zenyewe ni bora, sibishi, lakini kila kipande kinauzwa peke yake, na jumla yake ilinifanya nifunge simu.

Seti yangu ni ya kampuni ya nje isiyo Honda. Vipimo vilikaa sawa, bushi zinaingia kwa kidole bila kucheza. Sili sikuzipenda sana: mpira wake ni mwembamba kuliko wa zile za zamani. Karatasi ya maelekezo ni picha tu, na haisemi jambo la muhimu kuliko yote, kwamba upande wa beringi wenye maandishi ndio unaosukumwa. Upande wa pili ganda lake ni laini, linapinda.

Kazi ngumu ni kutoa za zamani. Kutu ilikuwa imezishika, sindano zikadondoka zote, likabaki ganda tupu. Fundi wangu alilikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, akiacha uwazi mwembamba bila kugusa aluminiamu, kisha akalikunja kwa ndani na likatoka. Ukiona fundi anaokota nyundo kubwa, mzuie, maana masikio ya linki yakipasuka hayana spea mjini hapa.

Kuingiza ni raha. Beringi zilalie friza, linki uipashe moto kidogo, kisha vuta kwa bolti ndefu na soketi mbili, moja kila upande. Beringi izamishe kidogo ndani ili sili ipate mahali pa kukaa. Grisi tumia ile ya boti, isiyotolewa na maji, na jaza kati ya sindano, usipake juu tu.

Mlio umekwisha. Kinachonifurahisha zaidi ni shokapu: nafasi ya tairi la nyuma kupanda na kushuka, karibu sentimita 28, sasa inatumika yote, mwanzo laini, mwisho mgumu, kama Pro-Link, mfumo huu wa Honda wa shokapu na linki, ilivyokusudiwa. Kona za changarawe natulia.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sili, na mvua za masika zikiisha nitafungua linki nione kama zimezuia maji. Kama yako bado ina sili nzima za Honda, zioshe uzirudishe, hizi za kwenye seti uziweke akiba.