Vijisanamu vya vita kwa mtu mwenye hobi saba: nini cha kununua kwanza, nini cha kuacha dukani

Kijisanamu cha mchezo wa vita wa mezani hakiishii kwenye bei. Kinataka kukatwa kutoka kwenye fremu ya plastiki kinamouzwa, kukwanguliwa, kugundishwa, kupakwa praima (rangi ya msingi inayoshikisha nyingine), kupakwa rangi na kuwekewa kitako cha kusimamia, ndipo kiingie mezani. Mtu ambaye jioni zake zimeshagawanywa kati ya gitaa, baiskeli, kamera na michezo ya kompyuta hawezi kununua kama mwenye hobi moja. Mshika mawili moja humponyoka. Mshika saba hajui hata lililoponyoka ni lipi.

Kwa hiyo hapa hatupangi kwa uzuri wa vijisanamu wala kwa ukubwa wa punguzo. Tunapanga kwa maswali mawili. Zitapita saa ngapi kabla ya mechi ya kwanza ambayo kila kilichoko mezani kimepakwa rangi? Na ukikiacha ulichonunua miezi miwili, utakikuta katika hali gani ukirudi? Swali la pili ndilo zito, kwa sababu utakiacha.

Kwanza hesabu. Kwa njia ya haraka iliyoelezwa huko chini, kijisanamu cha kimo cha milimita 28 hadi 32 huchukua kama saa moja na nusu, tangu fremu hadi kitako. Ukipata vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki, una saa mbili. Vijisanamu 10 ni saa 15, yaani wiki nane. Vijisanamu 60 ni saa 90, yaani wiki 45, tena bila wiki hata moja kuliwa na jambo jingine.

1. Kikosi cha watu kumi chenye kanuni zisizobagua

Frostgrave, mchezo wa wachawi uliotolewa na kampuni ya Osprey mwaka 2015 na kupata toleo la pili mwaka 2020, ndiyo mfano bora. Kikosi ni mchawi mmoja, mwanagenzi wake na askari wasiozidi wanane. Kila upande unatumia dadu ya pande 20, na uwanja wa futi tatu kwa tatu unatosha. Kanuni hazijali nani alitengeneza vijisanamu vyako. Wapenda bunduki na roketi watazame One Page Rules, ambao kanuni zao za msingi hupatikana bure mtandaoni, na wana mchezo wa vikosi vidogo.

Ununuzi wenyewe ni mwepesi: kitabu kimoja na sanduku moja la plastiki. Masanduku ya namna hii mara nyingi huwa na vijisanamu 20, kwa hiyo ndani yake mna vikosi viwili. Tunashauri utengeneze vyote viwili, hata kama cha pili kitafuata baadaye sana. Mwenzako naye ana hobi zake. Ukimsubiri anunue na apake vya kwake, mechi haitachezwa.

Huku tatizo huletwa na uhuru wenyewe. Kwa kuwa kila kijisanamu kinaruhusiwa, mtu hununua masanduku manne kabla ya kumaliza la kwanza. Andika orodha ya watu wako kumi, wachague wote kutoka kwenye fremu ulizonazo, kisha ufunge mkoba.

2. Timu yenye idadi iliyofungwa

Hapa kuna Warhammer Underworlds, Blood Bowl na Kill Team, zote za kampuni ya Games Workshop. Underworlds ni mwepesi kuliko yote: wapiganaji wachache, mara nyingi kati ya watatu na tisa, plastiki inayoshikana bila gundi na mechi isiyofika saa moja. Blood Bowl inataka wachezaji 11 uwanjani na wachache wa akiba, na uwanja wake ni ubao wa kukunja, hivyo hakuna majengo ya kutengeneza. Kill Team huwa na watu kati ya 5 na 14, lakini inadai magofu na kuta mezani, na hizo nazo zinasubiri rangi. Wanunuzi wengi husahau kuzihesabu.

Uzuri wa kundi hili ni kwamba mwisho unaonekana: ukipaka wa mwisho kwenye timu, umemaliza. Halikupata nafasi ya kwanza kwa sababu kanuni na kadi zake hubadilishwa mara kwa mara, na anayerudi baada ya mwaka mmoja hujikuta anasoma upya.

3. Vigari vya watoto

Gaslands ni mchezo wa magari yenye silaha, na unatumia vigari vya kuchezea vya kipimo cha 1:64, vile vya Hot Wheels na Matchbox. Gari tatu au nne ni timu. Paka praima, bandika bunduki ya plastiki juu ya boneti, sugulia rangi ya kutu kwa sponji, na jioni moja inatosha. Kabla ya praima, ikwaruze rangi ya kiwandani kwa msasa laini, la sivyo rangi mpya itabanduka kwenye kingo mara ya kwanza gari linapodondoka. Kama kilichokuvuta ni sura za watu na mikunjo ya nguo, mchezo huu hautakushibisha.

4. Majeshi ya milimita 6

Hili huwashangaza wengi, maana askari ni mamia. Lakini askari wa milimita 6 hana macho ya kuchorwa. Wanabandikwa safu nzima juu ya kijiti, wanapigwa praima nyeusi, wanapitishiwa brashi kavu, rangi tatu, kisha mchujo wa kahawia, yaani rangi ya majimaji inayotia kivuli mabondeni. Jioni moja hutoa kikosi kizima. Shida ni kwamba karibu kila mara utalazimika kumiliki pande zote mbili, kwani wachezaji wa kipimo hiki ni wachache.

5. Sanduku kubwa la watu wawili

Bei kwa kijisanamu ni ndogo kuliko kwingine kote, na ndipo mtego ulipo. Nusu ya sanduku ni jeshi usilolitaka, na litakaa kabatini likikutazama. Linunue tu ikiwa mtu wa kugawana naye ameshatoa pesa yake. Ahadi haitoshi.

6. Jeshi kamili

Warhammer 40,000, mchezo mwingine wa Games Workshop, hupima jeshi kwa pointi za kila kikosi, na jeshi la pointi 2,000 huhitaji vijisanamu 40 hadi 100 na zaidi, kutegemea jeshi. Toleo la nane la kanuni lilitoka 2017, la tisa 2020, la kumi 2023. Ukirudi kwenye hesabu ya wiki 45, na uongeze wiki zilizoliwa na gitaa, utaona kwamba theluthi moja au nusu ya uhai wa toleo itakuwa imekwisha kabla hujacheza na jeshi lililokamilika. Tena pointi za vikosi hurekebishwa katikati ya toleo, kwa hiyo jeshi ulilolipima mwanzoni laweza kuzidi au kupungua. Ukiling'ang'ania, nunua la watu wachache wenye miili mikubwa, na usinunue kikosi cha pili kabla cha kwanza hakijapata vanishi.

Mkiani: printa ya resini

Printa hii huchapisha vijisanamu nyumbani kwa plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Vijisanamu vyake ni vizuri na vya bei ndogo, hilo halina ubishi. Lakini kila chapisho huoshwa, mara nyingi kwa spiriti ya isopropili, huimarishwa kwa mwanga wa urujuanimno, na hushikwa kwa glavu ndani ya chumba chenye hewa. Resini iliyoachwa kwenye beseni lake wiki nyingi hutuama na lazima ichujwe. Hiyo ni hobi ya nane.

Rangi: hapa ndipo saa huokolewa

Nunua rangi za mkono mmoja. Citadel Contrast zilitoka 2019, kisha kampuni ya Army Painter ikafuata kwa Speedpaint mwaka 2022, na Vallejo kwa Xpress Color. Zote ni nyepesi. Hutiririka kwenye mabonde na kuacha vilele vikiwa vyeupe zaidi, hivyo kivuli na mwanga hupatikana kwa mpako mmoja. Tahadhari moja ya dukani: Speedpaint ya kwanza ilikuwa ikiyeyuka upya rangi nyingine mbichi inapopita juu yake. Toleo la 2.0 la mwaka 2023 lilirekebisha hilo. Ukikuta chupa za bei ya kutupa, soma lebo kwanza.

Rangi 12 zinatosha. Nane za mkono mmoja: ngozi ya mwili, kahawia ya mkanda, kahawia nyeusi, kijivu cha giza, nyekundu, buluu, kijani na rangi ya mfupa. Nne za kawaida: nyeusi, nyeupe, fedha ya chuma, na mchujo wa kahawia wa kupitisha juu ya hiyo fedha. Usinunue seti ya rangi 50. Utatumia 15, nyingine zitakaukia chupani.

Kuhusu chupa, mtu anayeacha kazi miezi miwili achague zenye mdomo wa matone. Kopo la kifuniko cha kubonyeza huganda ukingoni, kifuniko hakikazi, hewa inaingia. Chupa ya matone ikiziba, pini inaifungua. Dondoshea ndani gololi moja ya chuma isiyoshika kutu, maana rangi iliyokaa muda mrefu hujitenga na kutikisa peke yake hakutoshi.

Njia yenyewe ni hii. Paka vyote kumi praima nyeusi. Kwa brashi nene iliyofutwa karibu ikauke, pitisha kijivu mwili mzima, kisha nyeupe kutoka juu tu. Kwa vijisanamu kumi hiyo ni kazi ya dakika 20 hadi 30. Halafu rangi za mkono mmoja, moja baada ya nyingine kwa vyote: ngozi ya wote, mikanda ya wote, nguo za wote. Usimalize mmoja mmoja.

Yanayoharibika ni yale yale. Rangi ikijikusanya kama dimbwi chini ya vazi, inyonye kwa brashi safi yenye unyevu kabla haijashika. Ikishakauka, doa limebaki. Kwenye nafasi pana na bapa kama ubavu wa kifaru cha vita, rangi hizi hutoa mabaka, kwa hiyo hapo tumia rangi ya kawaida, mikono miwili myembamba. Usizizimue kwa maji mengi. Kuna kizimuo chake. Na zisizopakwa vanishi hufutika kwenye pua na mabega kwa kushikwashikwa.

Praima ya kopo hutikiswa dakika mbili na kupulizwa kwa mipito mifupi kutoka sentimita 20 hadi 30. Hewa ikiwa na unyevu mwingi uso hutoka wa chengachenga. Jua likiwa kali, au ukisimama mbali mno, rangi hukauka hewani na kutua kama unga. Asiye na mahali pa wazi anunue praima ya brashi na aiache usiku kucha. Vanishi isiyong'aa ina ugonjwa huo huo: kukiwa na unyevu huacha ukungu mweupe juu ya kazi iliyokwisha. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu.

Brashi tatu: namba 2 ya sintetiki kwa rangi za mkono mmoja, namba 1 yenye ncha nzuri kwa macho na vifungo, na brashi ya vipodozi ya mviringo kwa kupaka kavu. Brashi ghali za manyoya ya mnyama aitwaye kolinsky zisubiri. Rangi isifike kwenye pete ya chuma, kwa kuwa ikikaukia humo hutanua manyoya na ncha haitarudi tena. Brashi ya hewa tunaiweka kando kabisa: sindano ndogo, kompresa, na usafishaji kila mara. Kipindi cha dakika 40 hakiwezi kuilipia.

Paleti ya maji, yaani ubao wa kuchanganyia rangi wenye karatasi juu ya sponji yenye unyevu, nayo husifiwa kuliko inavyostahili kwa mnunuzi wa namna hii. Hutunza rangi za kawaida mbichi kwa siku kadhaa, ila ukiisahau wiki mbili, sponji huota kuvu. Rangi za mkono mmoja haziihitaji hata kidogo. Kigae cheupe kinatosha. Ukiitaka baadaye, kopo lenye kifuniko, sponji na karatasi ya kuokea vitafanya kazi ile ile. Karatasi iwe ya kuokea kweli, kwani yenye nta haipitishi maji.

Gundi: ya plastiki kwa plastiki, maana huyeyusha na kuunganisha, ya papo hapo kwa resini na chuma. Hiyo ya papo hapo inunue katika vitubu vidogo vingi badala ya chupa moja kubwa. Ikishafunguliwa, huganda yenyewe ukiwa bado uko kwenye baiskeli. Ongeza koleo la kukatia lenye uso bapa na kisu cha kukwangulia mistari ya kalibu, ile inayobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mistari hiyo usiiache ukitumaini rangi itaificha, kwa sababu rangi nyepesi huikolezea kivuli.

Kifaa cha mwisho ni sinia. Weka juu yake kigae, brashi, kikombe, kitambaa, rangi za kazi iliyopo na vijisanamu kumi, sinia zima liingie rafuni na kutoka kama lilivyo. Kipindi cha dakika 40 kinachoanza kwa kutafuta brashi ni kipindi cha dakika 25. Na kabla hujabandika vitako, andika kwa kalamu chini ya kile cha kwanza majina ya rangi zote ulizotumia na mpangilio wake. Wa sita atakapopakwa baada ya miezi miwili, nguo zake zifanane na za mwenzake.