Scratch: kozi ya likizo isiyo na ada

Kwa mtoto wa miaka 11 hadi 14 aliye likizo ndefu, tunaipa alama za juu Scratch, programu iliyobuniwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, ya kujifunza kutengeneza michezo ya kompyuta kwa kuunganisha vipande vya maagizo. Ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaipakua kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Aanze na mchezo mmoja mdogo tu: paka anafukuza ndizi, akiigusa alama zinapanda. Hapo ndipo wengi hukwama. Paka anagusa ndizi, alama hazisogei ng'o! Sababu ni kwamba sharti la kugusa limewekwa nje ya kitanzi, yaani kipande kinachorudia maagizo yaliyo ndani yake, hivyo hukaguliwa mara moja tu, bendera ya kijani ya kuanzisha mchezo inapobonyezwa. Kasoro inayotuuma: toleo la kupakua halihifadhi kazi lenyewe. Umeme ukikatika, yote yamekwenda. Ahifadhi faili kila dakika 10.