Kaunta buku ya kwaya 2 kwa kichwa kilichojaa

Programu za simu za kupanga mambo ni nyingi na baadhi ni nzuri, ila zote zina dosari moja: unafungua simu uandike "ada ya mtoto", unakutana na ujumbe wa kamati ya harusi, na hapo umeongezewa mzigo badala ya kutuliwa. Kwa kazi hii ya kuyatua mambo ya kichwani kila usiku, kaunta buku ya jalada gumu, ileile ya mwanafunzi wa sekondari na ya mangi anayeandika madeni, inazishinda.

Chukua ya kwaya 2, yaani kurasa 192. Ukitumia kurasa mbili kila usiku itakufikisha miezi 3 hivi. Ya kwaya 4 ni nzito, haikai kando ya mto wa kulalia, na daftari lililo mbali haliandikwi. Kabla ya kulipa lifungue katikati utafute uzi: lililoshonwa hulala bapa mezani, la gundi tupu huachia karatasi mgongoni. Karatasi ni nyembamba, kwa hiyo tumia bolpeni. Wino wa jeli hupenya upande wa pili. Na watoto wasilichane. Ukichomoa karatasi moja, pacha wake wa ng'ambo ya uzi naye hulegea.

Ukurasa wa kushoto ni wa kumwaga: dakika 10, jambo moja mstari mmoja, bila kupanga wala kuona aibu. Kodi ya nyumba, kikohozi cha mama, neno alilosema bosi, vyote vimo. Wa kulia, wa mipango, ndio wenye kazi, na ndipo wengi wanapokosea. "Bima ya pikipiki" si mpango. "Jumanne saa 4 asubuhi, kumpigia wakala wa bima" ni mpango. Mwaka 2011 watafiti wa saikolojia Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika hupunguza kusumbua fikra likishapangiwa hatua mahususi, hata kama bado halijafanyika. Yasiyo mikononi mwako yakate kwa mstari. Usiyahamishie kulia kwa huruma.

Jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, lililochapishwa 2018, liliwapa watu dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Walioorodhesha kazi za siku zijazo walipata usingizi mapema kwa dakika kama 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Ila daftari lisiposomwa asubuhi, akili hugundua haraka kwamba hakuna anayelifuatilia, na inarudi kuyabeba yote yenyewe.

Hasira na majonzi havitaki orodha. Utaratibu wa James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ni dakika 15 hadi 20 za kuandika mfululizo, siku 3 au 4, kisha unaacha. Andika mchana, kwa sababu mara tu baada ya kuandika moyo huwa mzito zaidi. Ukiona siku ya tatu unarudia malalamiko yaleyale, funga daftari umtafute mtu wa kuzungumza naye. Usingizi au hamu ya kula ikipotea kwa wiki 2, nenda hospitali.

Udhaifu mkubwa wa kaunta buku ni siri: haina nywila, na nyumba zetu zina macho mengi. Mambo ya moyoni yaandike kwenye karatasi ya pembeni, ukimaliza uichome. Kwa hayo faida iko katika kuandika, si katika kutunza.